Vipimo vya Gauni

Katika lugha nyingi nilizowahi kupanga chumba ndani yake, anachokufanyia daktari na anachokufanyia fundi cherehani ni vitu viwili vyenye majina mawili. Kwenye Kiswahili vimegawana jina moja kama ndugu wanaovaliana shati: vipimo. Ukisema unakwenda kuchukuliwa vipimo, anayekusikia hajui kama utarudi na pamba kwenye mkono au na gauni. Sikulifikiria jambo hilo hata siku moja mpaka nilipokwama kwenye nyumba ya nesi mmoja ambaye neno hilo lilimgeuza fundi wa nguo kwa miezi saba, yeye asiyejua kushona hata kifungo.

Kukwama kwenyewe kulikuwa kwa kawaida. Nilikodi chumba cha uani kwa siku nne. Siku ya tatu homa ikatangazwa, siku ya nne mipaka ikafungwa, na amri ikatoka kwamba kila mtu akae kwake. Kwangu kulikuwa mbali mno, kwa hiyo nikakaa kwao.

Kwao walikuwa watatu. Nesi mwenyewe alikaribia miaka hamsini, mfupi, mcheshi, mwenye viatu vya mpira vilivyolia kwi-kwi-kwi kila alipopiga hatua. Mumewe alivitia mafuta mara mbili, naye akayafuta mara mbili. Kumbe alivitaka vilie. Hospitalini alikuwa na chumba namba tisa, mwisho wa korido, ukishapita maabara, chumba wanamopokelewa watu waliobakwa. Alikaa humo miaka kumi na tisa, na mojawapo ya mambo aliyojifunza ni kwamba mtu aliyeumizwa hapendi kushtukizwa kwa nyuma.

"Viatu vyangu vinapiga hodi kabla yangu," alisema.

Chumba hicho alipewa kwa sababu ya kasoro. Matroni wa zamani alilalamika kwa daktari mkuu kwamba nesi huyu hana udadisi kabisa: mtu akiletwa ameanguka kutoka juu ya paa, yeye anamfunga mguu tu, hamwulizi alipanda kufanya nini. "Basi mpeni namba tisa," daktari mkuu akasema. "Huko wadadisi wamezidi." Na kweli, miaka yote hiyo alikuwa na maswali matatu tu. Uko salama sasa hivi? Kuna mtu anatusikia? Unataka tufanye nini? Neno "kwa nini" hakuingia nalo chumbani mule. Alilihifadhi kwa ajili ya nyumbani, na sehemu kubwa lilimwishia mumewe.

Mumewe tulimwita Breki. Alikuwa mwalimu wa udereva, na kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amelipiga kelele neno hilo moja hadi likamganda mdomoni. Hata mezani, ukijaza sahani kupita kiasi, ulisikia "Breki!" Gari lake la kufundishia, lenye pedali pande zote mbili na kibao cha mwanafunzi juu ya paa, lilikuwa limeegeshwa uani tangu amri ilipotoka, na alilifuta vumbi kila asubuhi kama mtu anayemwogesha farasi.

Wa tatu alikuwa mama yake Breki, Bi Mkasi. Alikuwa ameshona suti kwa miaka arobaini, za maharusi, za wabunge, na moja ya mtu aliyekuwa anakwenda kuhukumiwa na akataka apendeze. Alikuwa amestaafu. Cherehani yake ya miguu ilikaa sebuleni chini ya shuka, na hakuna aliyeruhusiwa kuweka hata kikombe juu yake.

Homa ilipopamba moto, chumba namba tisa kilijazwa mitungi ya oksijeni. Msimamizi wa hospitali alimwambia Nesi asihuzunike, wagonjwa wake hawatakuja kwa kipindi hiki, maana nani atatoka nje?

"Hawatakuja," Nesi alimjibu, "kwa sababu wamefungiwa ndani na watu wanaowaumiza."

Msimamizi akakuna kichwa, akafungua droo, akampa simu ya hospitali na kumwambia afanyie kazi nyumbani. Simu hiyo ilikuwa na ugonjwa wake. Sehemu ya kusikilizia ilikuwa imekufa, ilisikika kwa kipaza sauti tu. Ukimpigia Nesi, unaipigia nyumba nzima. Alijaribu bafuni, bafu likavumisha sauti mpaka kwa jirani. Alijaribu kabatini, akapaliwa na dawa ya nondo. Mwishowe alihamia ndani ya gari la Breki, vioo juu, jasho likimtiririka, mkono mmoja kwenye usukani kwa mazoea tu, kwa kuwa hakuwa amewahi kuliendesha. Ndoa yao ilidumu, alisema, kwa sababu alikataa kufundishwa gari na mumewe.

Ufundi ulianza wiki ya pili, na aliyeuanzisha hakuwa yeye bali mwanamke mmoja aliyepiga simu. Nesi alikuwa anamwambia, "Njoo hospitali uchukuliwe vipimo," mara ikasikika sauti ya kiume nyuma yake: "Vipimo vya nini?"

Yule mwanamke hakusita. "Vya gauni," akasema. "Naongea na fundi." Kisha, kwa simu: "Haya fundi, sasa mikono iwe mirefu au mifupi?"

Nesi aliushika usukani kwa mikono miwili. "Mirefu," akasema, "kama bado yupo hapo."

"Mirefu sana," akasema mwanamke.

Basi ikawa hivyo. Mwenye duka la dawa, rafiki wa Nesi, aliwanong'oneza wanawake waliofika dirishani kwake kwamba kuna fundi anayepima kwa simu. Mikono mirefu: kuna mtu anasikiliza. Kupunguza kiuno: nikatize, nitapiga tena. Gauni limechanika: imetokea. Majina hawakutaja. Kila mmoja alijichagulia kitambaa, na kwenye daftari la Nesi wakawemo Hariri, Pamba, Sufu, na mama mmoja mtu mzima aliyesema aandikwe Turubai.

Aliyekaribia kuiharibu biashara hiyo alikuwa Bi Mkasi. Alikuwa na tabia ya kuota jua karibu na gari, na vioo havikuzuia sauti kama Breki alivyojisifu. Siku moja, tukila chakula cha mchana, aliweka kijiko chini.

"Mwanangu, nisamehe. Siku hizi unashona?"

"Sishoni, Mama."

"Basi kuna mtu ndani ya gari anashona kwa sauti yako. Leo amepunguza kiuno kimoja mara tatu. Kiuno cha nani hicho, cha nyigu?"

Nesi alimtazama mumewe. Breki aliitazama sahani.

"Na jana nimesikia 'kola ya kiunoni'. Miaka arobaini nimekaa kwenye mashine, kola ya kiunoni sijaiona. Kama unataka kuniingilia kazi yangu, niingilie kwa heshima. Kiuno hakipunguzwi kwa simu!"

"Mama," Nesi akasema polepole, "ni wanawake wenye shida majumbani mwao. Wako na watu ambao hawatakiwi kujua wanaongea na nani. Zaidi ya hapo si langu kusema."

Bi Mkasi alitafuna kwa muda mrefu chakula ambacho, kwa hesabu yangu, alikuwa ameshakimeza.

"Basi usiseme kola ya kiunoni," akasema. "Mwanamume yeyote aliyewahi kuvaa suruali atakushtukia."

Tangu siku hiyo Nesi alipewa somo kila alasiri: pindo, marinda, bitana, mshono wa ndani na wa nje. Alikuwa mwanafunzi mbovu kupita kiasi. Shuleni, alituambia, mtihani wake wa ushonaji ulikuwa kitambaa cha meza, na alipoinuka kukipeleka kwa mwalimu, sketi yake na meza vilikwenda naye.

"Sitaki ushone," Bi Mkasi alisema. "Nataka uongope kama fundi."

Jumanne moja, kwenye saa nne asubuhi, simu ililia garini. Sauti ilikuwa ya msichana, ya haraka na ya chini.

"Fundi, gauni limechanika. Jana jioni."

"Uko salama sasa hivi?"

"Yuko bafuni. Ni shemeji, mume wa dada. Dada alikwenda kumuuguza mama, barabara zikafungwa. Tuko wawili tu, na funguo za geti anatembea nazo."

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, keshia wa duka kubwa lililofungwa kwa homa. Nesi hakuuliza kwa nini alikaa na shemeji, wala alikuwa amevaa nini, wala kama alipiga kelele. Alimwambia kuna dawa za kuzuia maambukizi, kwamba lazima zianze ndani ya saa sabini na mbili, yaani kabla ya Alhamisi jioni, na kwamba kila saa inayookolewa ni faida.

"Unataka tufanye nini?"

"Nataka dawa. Na nataka kutoka humu."

"Nikuandike kitambaa gani?"

"Jinzi," akasema. "Haichaniki ovyo." Na hapo, Nesi aliniambia baadaye, alijua kwamba anaongea na mtu ambaye atafika.

"Sasa sikiliza, Jinzi. Nguo ulizokuwa umevaa usizifue. Zitie kwenye mfuko wa karatasi, uje nazo kama zilivyo."

Mlango ukabamizwa upande wa pili. Sauti ya Jinzi ikapanda na kuwa nyepesi: "Haya fundi, mikono mirefu kabisa, na kitambaa nisikifue, nimeelewa..."

"Lete hiyo simu," ikasema sauti ya kiume. Kisha, karibu zaidi: "Hallo? Wewe ni fundi?"

"Ndiye mwenyewe."

"Fundi gani anayekataza kitambaa kufuliwa?"

"Kikifuliwa," Nesi akasema, "kitasinyaa."

Nilikuwa naanika shati uani na niliona mgongo wake ukikakamaa kupitia kioo cha nyuma.

"Fundi anataka kitambaa kisinyae kabla ya kukatwa," sauti ikasema taratibu. "Mama yangu alikuwa anashona. Kitambaa kinafuliwa kwanza. Wewe ni nani?"

Mlango wa gari ulifunguka na kichwa cha Bi Mkasi kikaingia mpaka mabegani.

"Cha pamba kinafuliwa kwanza!" alifoka kuelekea simu. "Hicho alichonieleza binti yako kina gundi ndani, ukikiloweka kinavimba kama maandazi. Mama yako alishona nini, mapazia? Huyu unayemhoji ni mpokea simu wangu. Fundi ni mimi, na mimi ndiye niliyeshona suti za wabunge, kwa hiyo kama unataka suti ya maana sema, kama hutaki niachie mteja wangu!"

Sauti ikasema, sasa imelainika: "Unashona suti?"

Ilikuwa hivi. Shemeji alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa ya kupambana na homa. Kazi yake ilikuwa kugawa sabuni na kukagua ndoo za kunawia, na siku chache mbele angepokea cheti mbele ya wakubwa. Alitaka suti. Maduka yote yalikuwa yamefungwa. Alikuwa na kibali cha kutembea, kwa sababu ya cheo.

"Kesho saa nne nitamleta huyu wa gauni," akasema, "na mimi unipime."

Simu ilipokatika, Nesi na mkwewe walitazamana. Yule mtu mwenye funguo za geti alikuwa ameahidi kumleta msichana mwenyewe, kwa kibali chake, mpaka mlangoni.

Nesi alipiga simu polisi kwanza, msidhani hakupiga. Akaambiwa gari liko kwenye karantini pamoja na dereva wake.

"Lakini mama, siku hizi masuala ya majumbani yanaanzia kwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa."

"Ndiye."

"Ndiye nani?"

"Ndiye aliyefanya."

Askari alifikiri. "Basi mwandikie barua," akasema, "kupitia kwake."

Jioni Jinzi alituma ujumbe wa neno moja: *Saa nne?* Nesi alimjibu, na akamwuliza kama haina shida kwamba fundi mkuu amesikia. Jibu lilikuja upesi: *Mwache. Ndiye fundi.*

Asubuhi ya Jumatano sebule iligeuka. Shuka iliondolewa juu ya cherehani, chaki na mikasi vikatandazwa, barakoa ishirini alizoshona Bi Mkasi alfajiri zikatundikwa kwenye kamba. Mimi nilipewa kazi ya kuwa mteja. "Kaa pale," Bi Mkasi aliniambia. "Unasubiri suruali. Usiongee, lafudhi yako inatia wasiwasi."

Saa nne na dakika tano walifika. Shemeji alikuwa mtu wa umbo la kawaida kabisa, amenyoa vizuri, na kitambaa cha kijani cha kamati mkononi. Nadhani nilitarajia jitu. Jinzi alikuja nyuma yake, amekumbatia mfuko wa karatasi kifuani, na macho yake yalipita chumbani yakihesabu milango. Viatu vya Nesi vililia kwi-kwi-kwi kutoka ndani, na msichana akageuka kuvitazama.

"Wa gauni aje chumba cha ndani," Nesi alisema.

"Nitakaa nione," akasema shemeji.

"Utaona nini?" Bi Mkasi alikuwa ameshamvua koti. "Mwanamke anapimwa gauni, wewe unataka kuangalia? Mwenyekiti mzima! Nyoosha mikono. Usipumue."

Ubishi ukaishia hapo. Kupitia chumba cha ndani kulikuwa na mlango wa uani, na uani kulikuwa na Breki, injini inanguruma. Jinzi aliiacha simu yake kitandani makusudi, kwa kuwa shemeji alikuwa na mazoea ya kuipigia kila alipokosa kumwona. Niliyosikia ni mlango wa gari, kisha, kwa mbali, "Breki!" ya mtu aliyekuwa anajionya mwenyewe.

Hospitali ilikuwa umbali wa dakika kumi na mbili, na katikati kulikuwa na kizuizi. Askari alisoma barua ya ruhusa aliyopewa Nesi na hospitali, akahesabu vichwa.

"Hapa pameandikwa mhudumu wa afya na dereva. Huyu wa tatu ni nani?"

"Mgonjwa wangu."

"Anaumwa nini? Lazima niandike."

Nesi alifungua mdomo bila kujua kitatoka nini. Hakutaka kulitaja jambo la msichana dirishani, mbele ya foleni. Kabla hajasema neno, kiti cha nyuma kililipuka kwa kikohozi kirefu, kinene, chenye sehemu tatu na mwangwi. Askari aliruka nyuma hatua nne. Aliusukuma mti wa kizuizi kwa ncha ya mguu, huku akiizuia pumzi yake na kuwapungia mkono wapite, wapite, wapite!

Walipokwenda mita mia, Breki alitazama kwenye kioo. "Binti, upo sawa?"

"Nipo," Jinzi akasema. "Niliigiza shuleni." Halafu akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na Nesi akakaa naye, mkono wake ukiwa wazi juu ya kiti katikati yao, kwa yeye kuushika akitaka. Akaushika.

Huku sebuleni nilikuwa nashuhudia upimaji mrefu kuliko wote katika historia ya nguo. Bi Mkasi alipima kifua, akakisahau, akakipima tena. Alipima kila kidole. Alifunga futi kuzunguka kichwa cha shemeji.

"Suti inapimwa kichwa?"

"Ya mtu wa kawaida, hapana," alisema Bi Mkasi. "Ya mwenyekiti, ndiyo."

Shemeji akatulia, ameridhika.

Baada ya dakika arobaini alipiga simu ya Jinzi. Ikalia chumba cha ndani. "Mbona hapokei?"

"Hana nguo," Bi Mkasi akasema, pini mdomoni. "Unataka kuingia? Mteja wangu huyu hapa shahidi, mwenyekiti anataka kuingia kwa mwanamke asiye na nguo." Nilitikisa kichwa kwa masikitiko, bila lafudhi. Shemeji akarudisha simu mfukoni.

Kisha Bi Mkasi akamvisha bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti. Aliikata papo hapo, akaishikiza mwilini mwake kwa uzi mkubwa na pini zisizo na idadi, mgongo, mabega, mikono. Alishikiza mikono yote miwili ubavuni, kuanzia kwapa hadi kiwiko, "ili nione inavyoanguka." Alimkataza kukaa, pini zingemchoma. Alimkataza kuinama. Kila alipouliza saa, Bi Mkasi alimwuliza kama anataka suti au anataka gunia.

Hospitalini Nesi hakuwa na chumba namba tisa. Alihamisha mitungi sita ya oksijeni kwa mikono yake mpaka ikapatikana nafasi ya viti viwili na pazia. Saa tano na nusu Jinzi alimeza kidonge cha kwanza, zaidi ya siku nzima kabla ya saa zake kwisha. Daktari wa kike alimpima kwa utulivu, akimweleza kila hatua kabla ya kuifanya. Mfuko wa karatasi ulifungwa, ukapigwa muhuri. Na kwa kuwa nguo alizovaa zilikuwa na jasho la safari na hofu, Nesi alimpa kutoka kabati la misaada gauni ambamo wangeingia Jinzi wawili na dereva.

Halafu akamwuliza swali la tatu kwa mara nyingine. Unataka tufanye nini?

"Ukiniuliza jana ningesema nataka kulala tu," Jinzi akasema. "Leo nataka aandikwe polisi. Kwa jina lake lote, na cheo."

Askari wa dawati la jinsia alikuwa hapo hapo hospitalini, amepangiwa kuwapulizia watu dawa ya mikono getini. Alipoambiwa kuna kazi yake halisi aliikabidhi chupa kwa mlinzi bila hata kugeuka. Alipoingia sebuleni kwetu, saa saba kasoro, alikuwa na pingu tayari. Alimtazama shemeji, aliyesimama katikati ya chumba ndani ya nusu ya koti la bitana, mikono imeshonwa ubavuni.

"Nani ameshamfunga?" akauliza.

"Bado namjaribisha," alisema Bi Mkasi.

Kesi ilichukua zaidi ya mwaka, na siku ya ushahidi Bi Mkasi aliulizwa kama anamfahamu mshtakiwa. Alifungua daftari lake. "Kifua arobaini na mbili, kiuno arobaini, mguu wa kushoto umepungua nusu inchi. Kichwa pia nilipima, hakuna cha ajabu." Shemeji alifungwa. Jinzi, ambaye ndiye aliyeniruhusu kuyaandika haya, ameniambia nisitaje miaka mingapi, kwa kuwa hadithi si ya yule, na ameniwekea sharti jingine, kwamba nisimlize kila ukurasa. Nimemliza mara moja. Atanisamehe.

Lakini kabla ya mahakama kulikuwa na siku tisini za kusubiri kujua kama dawa zimezuia maambukizi. Alimeza dawa siku ishirini na nane, zikamtapisha, akazimeza. Aliishi kwa mwalimu wake wa zamani wa shule, mtaa wa nyuma. Dada yake, barabara zilipofunguliwa, alishuka na mizigo yake akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake, nyumbani kwake hakukanyaga. Na siku ya tisini simu ya hospitali ililia garini, kwa sauti ya kipaza iliyofika mpaka chumbani kwangu.

"Fundi," Jinzi akasema, "vipimo vimetoka."

Nilisikia mlango wa gari ukifunguka na kiatu cha Nesi kikilia kwi mara moja.

"Viko sawa, fundi. Vyote. Naja."

Alikuja amevaa lile gauni la kabati, kusudi, nadhani. Bi Mkasi, aliyekuwa hajaliona, alishika mlango.

"Nani amekuvisha hema?"

"Nesi."

"Mpokea simu wangu!" Bi Mkasi alimgeukia mkwewe. "Unawapa watu hivi? Mtu ametoka kwenye balaa, unamwingiza ndani ya hili? Lete kabati lote hapa. Magauni yote. Nitayapunguza moja moja mpaka nife."

Alifungua daftari. Kulikuwa na ukurasa ulioandikwa "Jinzi" juu, wa siku ile ya Jumatano, na chini yake hapakuwa na kitu. Alivuta futi shingoni, akakaribia, kisha akasimama, kamba ikining'inia mkononi. Kwa miaka arobaini alikuwa amewashika watu mabega na kuwageuza kama mikate.

"Nikupime?" akauliza.

Jinzi alifikiri. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akainua mikono.

"Shusha mabega, hapa hukamatwi," Bi Mkasi alinung'unika, na futi ikazunguka polepole. "Thelathini na nne. Mkono, ishirini na mbili. Sasa kiuno. Ishirini na saba."

"Ishirini na saba," alisema Nesi, kalamu mkononi.

"Andika vizuri. Kiuno hicho si cha simu."